Rangi ya Kisima

Asubuhi hiyo mama mkwe alipanga mezani unga wa mkaa kwenye kisahani, ndimu zilizokatwa, chumvi na mswaki mpya mgumu, kisha akamwita mkwewe aliyekuwa akimvisha mtoto soksi.

"Njoo usugue, mwanangu. Bango linakuja, na mimi sitaki watu waulize nyumba hii tunakula nini."

Hakuwa mwanamke wa matusi. Matusi yangekuwa afadhali. Yeye alikuwa wa mrija: tangu mwanawe aoe, kila mkwe alipomiminiwa chai, mrija ulitumbukizwa kikombeni bila neno, eti madoa yasizidi, na mashemeji waliokuwepo wakajifanya wanachunguza mkate. Meno ya mkwe yalikuwa ya kahawia yenye mabaka, kama ya karibu kila mtu wa kule alikozaliwa.

Bango lenyewe lilikuwa la baba mkwe, mwenye kampuni ya kuchimba visima. Familia nzima ingepigwa picha, kila mmoja ameshika bilauri ya maji, kila mmoja anacheka. Mkwe aliambiwa waziwazi kwamba asipokuwa na meno ya kuonyesha, atakodiwa mwanamke mwingine asimame kati ya mumewe na binti yake. Alipomlalamikia mumewe, bwana yule alisema, "Ni picha tu, mke wangu. Usiikuze."

Basi akasugua. Mkaa ulichafua sinki, fizi zikatoka damu, ndimu ikayatia meno ganzi hata upepo wa dirishani ukawa unauma. Akajaribu na vile vikaratasi vya dukani vya kubandika, navyo vikabanduka vikaacha rangi palepale. Kila baada ya chakula mama mkwe alimwinua kidevu, akamchungulia mdomoni kama anayenunua punda.

Mwishowe akaenda kwa daktari wa meno, mama mmoja asiyependa salamu ndefu. Daktari alimulika, akaguna.

"Nani kakwambia usugue mkaa? Huu si uchafu. Ni maji uliyokunywa utotoni, jino likiwa bado linaumbika ndani ya fizi. Utasugua mpaka jino liishe, rangi ibaki. Mlikuwa mnachota wapi?"

Akamtajia kisima.

"Ah, hicho." Daktari akavaa glavu. "Naweza kuitoa kwa dawa na taa. Ila rangi ya maji yale haifi, dada. Ikitoka kwako inamwendea aliyekichimba."

"Sawa," mkwe alisema. Akauliza kama kuna maumivu.

Yalikuwepo kidogo. Jioni ile alikaa mezani na meno meupe, na mama mkwe akasema alhamdulillahi, sasa tuna mtu. Kisha baba mkwe akapanua mdomo kupokea kijiko cha supu, na meno yake yalikuwa ya kahawia. Mabaka yalikuwa yaleyale, hata lile la jino la mbele lililofanana na ukucha. Mama mkwe alimtazama mumewe, akaenda jikoni, akarudi na mrija. Mkwe akawaeleza maneno ya daktari, akakitaja kisima cha kwao.

"Kumbe ni kile kisima," baba mkwe alisema, kama mtu aliyekumbuka alikoacha miwani. "Maji yalipimwa, nikaambiwa yana madini mabaya. Lakini pampu ilikuwa imeshafungwa, na watu wameshapanga ndoo."

"Ulijua, baba?" mkwe aliuliza.

"Yaliyopita si ndwele, mwanangu."

Mume akaomba chumvi. Mkwe alimsukumia kopo zima. Aliwakumbuka ndugu zake, wanavyocheka wameziba midomo kwa viganja, na mama yao aliyewachapa kila asubuhi kwa uvivu wa kupiga mswaki.

Baba mkwe hakwenda kwa daktari mwenye maswali. Alikwenda kliniki ya vioo vitupu, ambako hakuna anayeulizwa alikunywa nini wala alichimba nini, akarudi na meno meupe kuliko ya mkwewe. Siku ya picha wakajipanga, bilauri mkononi. Mpiga picha akasema chekeni, na mtoto akacheka kuliko wote. Vijino vyake vilikuwa vya kahawia. Hajawahi kuonja hata tone la maji yale.

"Mtoto afumbe mdomo," mpiga picha alisema.

"Funga, bibi," mama mkwe akamwambia. "Usituaibishe."

Mtoto akaziba mdomo kwa kiganja, vilevile kama mama zake wadogo, ingawa hakuna aliyewahi kumfundisha.

Mkwe aliweka bilauri chini, akambeba bintiye, akaenda naye kwa daktari na nguo zilezile za picha.

"Mrudishie yule mzee," alisema.

"Ataipeleka tena kwa mtoto. Watu kama yeye hawakosi kliniki."

"Basi nirudishie mimi."

Daktari akafungua kabati, akatoa dumu la maji ya kisima kile, maana huyu hakuwa mama wa kwanza kuomba hivyo. Akammiminia kikombe. Mkwe alikunywa chote bila kupumua, na meno ya mtoto yakatakata.

Picha ilipigwa upya. Mwanamke wa kukodi alisimama karibu na mume, akamshika mtoto bega, wote wakacheka vizuri. Mume alisema mwanamke yule alikuwa na adabu sana.

Bango la kwanza lilisimamishwa kulekule kisimani, kwa kuwa kampuni ilikuwa imepewa kazi ya kuchimba cha pili kando yake. Mkwe alipokwenda kuwaona wazazi, alimkuta mama yake kwenye foleni ya ndoo, ameinua macho juu.

"Mumeo namjua, na mjukuu wangu namjua," mama alisema. "Huyo wa katikati ni nani?"

"Huyo ndiye mkwe wao, mama," akajibu, akainama kumtwisha ndoo.