Tumbo la Firdausi

Kwa miaka miwili Mwanaamina alikifahamu kila choo kilichokuwa njiani kati ya duka lao la Kasulu mjini na shule ya chekechea. Tumbo la binti yake Firdausi halikuisha visa. Wiki hii linaendesha, wiki ijayo limejaa gesi na choo hakitoki siku nne. Kila likianza, Mwanaamina alivuka barabara hadi duka la dawa, akarudi na chupa ya dawa ya maji au vidonge vya rangi mbili. Mtoto alipata nafuu siku tatu, kisha mambo yale yale.

Mei 2014, Firdausi akiwa na miaka sita, alimpeleka hospitali. Vipimo havikuonyesha kitu: minyoo hana, amiba hana, taifodi hana. Daktari Stanislaus, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa huku mwaka uliotangulia, akauliza, "Mama, mtoto anakula nini?"

Mwanaamina, mzaliwa wa Pangani anayejivunia mkono wake jikoni, alianza kutaja wali wa nazi na samaki. Firdausi akamkatiza.

"Mimi nakula biskuti. Na soda. Na chipsi."

Mwanaamina alitamani sakafu immeze. Daktari hakucheka.

"Tumboni mwetu mna bakteria wengi mno, na wengi wao ni wema," alisema. "Wanatusaidia kusaga chakula na kuwabana wale wabaya. Wao wanapenda maharage, mboga, matunda, nafaka isiyokobolewa. Wewe unawanyima chakula, halafu kila mwezi unawamwagia dawa inayoua wema na wabaya pamoja. Asipewe tena dawa hizo bila kupimwa."

Kusikia ni rahisi. Lakini nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka, na mkono wa Firdausi uliifahamu rafu ya biskuti hata gizani. Akinyimwa, alilia mpaka wateja wakamnunulia wenyewe.

"Likizo hii aende Kibondo kwa mama," akasema mumewe, Tamimu.

Bibi Yusta, mama yake Tamimu, alikuwa Muha, mkulima wa maharage na muhogo kijijini nje ya mji wa Kibondo. Mwanaamina alimheshimu sana mkwewe, ila hakuwahi kumlaza mtoto kule. Mbuzi walipita mpaka mlangoni pa jiko, na maji yalitoka kisimani. Hata hivyo alikubali, akafunga begi kubwa: nguo, chupa za maji, na katoni nzima ya biskuti, endapo mtoto atagoma kula.

Wiki mbili zilipita salama. Ya tatu, Jumatano asubuhi, Bibi Yusta akapiga simu.

"Mwanangu, njoo. Huyu mtoto…"

Simu ikakatika. Mwanaamina alipiga tena na tena, haipatikani. Tamimu alikuwa Kigoma kufuata mzigo. Mwanaamina alifunga duka, akapanda basi la Kibondo, na njia nzima ya vumbi jekundu akawa anamwona mwanawe amelegea mkekani, macho yameingia ndani. Alijilaumu kwa kila kilometa.

Alipofika hakumkuta mtu uani. Akaita. Sauti nyembamba ikajibu kutoka chooni, nyuma ya migomba:

"Mama! Nakuja, namaliza!"

Firdausi akatoka mbio, mashavu yamejaa, magoti yana udongo. Gauni alilokuja nalo lilikuwa limembana kwapani.

"Nilitaka kukwambia uje na nguo nyingine," alisema Bibi Yusta akitokea shambani na mboga mkononi. "Simu ikaisha chaji. Mbona una wasiwasi hivyo, mwanangu?"

"Mama, nilidhani anaendesha. Nilidhani nimechelewa."

"Siku nne za kwanza aligoma, akalia. Biskuti zako nikawagawia watoto wa jirani, zikaisha. Siku ya tano akala sombe, kisamvu chetu cha huku, na maharage, akaongeza. Choo anapata kila asubuhi. Na maji nachemsha, usiwe na hofu. Mikono ananawa kwa sabuni, nasimama pale pale."

Mwanaamina alikaa kwenye kigoda. Machozi yakamtoka, kisha kicheko kikafuata. Hakujua kama ni maharage, au kuachishwa zile dawa, au kukimbia na wenzake kutwa nzima. Pengine yote. Alimvuta Firdausi, akalibonyeza tumbo lake: laini.

"Nifundishe kupika hii sombe, Mama."

"Kwanza ule, upumzike. Umekonda kuliko mtoto."

Alikula sahani mbili za ugali wa muhogo. Saa nane mchana alijinyoosha mkekani, binti yake akimhesabia majina ya mbuzi, na kabla hajafika kwa wa tatu Mwanaamina alikuwa ameshalala fofofo.