Mahafali ya Wengine

Mared Pugh alipoona kwenye simu yake kwamba amefaulu, alijifungia chumbani akalia. Tesni, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja tangu mwaka wa kwanza, aligonga mlango akidhani rafiki yake ameanguka mtihani. Mared alishindwa hata kumweleza.

Wote wawili walisoma kompyuta katika chuo kimoja cha pwani ya Wales, darasa moja, wahadhiri wale wale. Tofauti ni kwamba kozi ya Tesni ilikuwa ya miaka mitatu, ya Mared ya minne mfululizo, shahada ya kwanza na ya uzamili zikiunganishwa pamoja. Aliichagua akiwa shuleni kwa sababu mwalimu alisema ndiyo ya wenye akili. Mwishoni mwa mwaka wa tatu, asiyefikisha wastani uliotakiwa alipewa shahada ya kwanza, akaenda zake. Kimoyomoyo Mared alikuwa ameomba asifikishe, ili aamuliwe. Mwaka wa kwanza aliijua kazi ya kila mstari wa programu aliyoandika. Sasa alipata alama nzuri kwa mambo ambayo hakuwa na hakika kama anayaelewa.

Alimpigia simu baba yake, Emyr, aliyekuwa malishoni na kondoo wake. Mzee, akihesabu miaka mitatu, alikuwa ameshanunua suti ya mahafali ya Julai.

"Nimefaulu, baba. Kwa hiyo sivai joho mwaka huu."

"Umefeli?"

"Nimefaulu."

"Sasa mbona huvai joho?"

"Kwa sababu nimefaulu. Ningefeli kidogo, ningevaa."

Emyr akauliza taratibu kama binti yake anakula vizuri huko.

Mared alimwendea mhadhiri aliyemsimamia, Dakta Ishbel Rennie, akamwuliza kama anaweza kuachia hapo alipofika. Dakta alisema inawezekana, ingawa joho la Julai amelikosa. Angepewa shahada yake mwezi wa Desemba. Akamwuliza kisa. Mared alijibu kwamba kila mwaka anaelewa kidogo kuliko mwaka uliopita. Mama yule hakumcheka wala hakumfariji. Alimwambia akafikirie, amjibu kabla ya Agosti.

Siku ya mahafali Emyr alikuja, suti mwilini. Jirani alikuwa amekwisha kubali kumwangalizia kondoo, na Mared aliona haya kumwambia baba asije. Waliketi nyuma ya ukumbi wakampigia makofi Tesni, naye Emyr akapiga kwa nguvu hata watu wakageuka. Mared alitabasamu kwenye picha za watu huku akihisi kama amekuja kwenye harusi ya mchumba wake.

Baadaye walikaa kwenye benchi ufukweni wakila viazi vya kukaanga, na baba akauliza anachojifunza hasa ni nini. Mared akamwonyesha mradi wake. Majira ya baridi alikuwa amewapiga filamu kondoo wa nyumbani, akaifundisha kompyuta kutambua mwenye mguu mbovu kwa mwendo wake tu. Kwenye filamu moja programu ilimchagua jike mwenye doa sikioni.

Emyr aliacha kutafuna. "Huyu nilikuja kumtibu kwato wiki ile ulipoondoka. Hapa bado hachechemei. Imejuaje?"

"Sijui."

"Si umeitengeneza wewe?"

"Nimeitengeneza. Lakini inajifunza yenyewe, baba. Kinachoifanya iamue hivyo, mimi sikijui."

"Mwalimu wako je?"

"Naye hajui. Nilimwuliza."

Mzee alirudisha filamu mwanzo, akaitazama tena akiwa ameisogeza simu karibu na pua. "Basi hujamaliza," alisema, bila kulaumu, kama anavyosema juu ya ua wa kondoo uliobakia kujengwa upande mmoja.

Jioni ile, baba alipokwisha panda treni, Mared alimwandikia Dakta Rennie kwamba atabaki, na kwamba mwaka wa nne anataka kuichunguza ile programu mpaka ajue iliona nini kwa yule jike. Hakuona fahari wala furaha. Aliona kizunguzungu tu.

Oktoba ilipofika Tesni alikuwa ameajiriwa Cardiff, na darasa la mwaka wa nne lilijaza nusu tu ya chumba kidogo. Mhadhiri alieleza kwa muda mrefu, kisha akauliza nani hakuelewa. Mared alitazama huku na huku, akanyoosha mkono. Wenzake karibu wote nao wakanyoosha.