Pumzi Nyuma ya Pazia

Lori la shamba la kahawa lilipofika kutoka Ruiru, mgonjwa alikuwa amelazwa nyuma juu ya magunia, na mama aliyemsindikiza alikuwa amekaa mbele na dereva, amejifunika leso mpaka kwenye nyusi. Alishuka upande wa pili, akazunguka mbali na lile lori, akasimama akiutazama ukuta wa hospitali mpaka tulipomteremsha yule mwanamume na kumwingiza ndani.

"Mama, wewe ni nani wake?" nilimwuliza.

"Mimi ni mama wa mke wake. Mke wake, Nafuna, amejifungua juzi, hawezi kutembea. Wanaume wote wako kahawani. Nimekuja mimi kwa sababu hakuna mwingine."

"Mbona husogei karibu basi?"

"Yule ni mkwe wangu, binti," alisema, kana kwamba jibu hilo lilitosha.

Dereva ndiye aliyenieleza. Kwa Wabukusu, mama hamshiki mkono mkwewe, hali chakula mbele yake, wala haingii chumba alicholala. Mama huyu, aliyeitwa Mama Nelima, alitoka Kimilili kuja kumwona mjukuu, lakini alikuwa akilala kwa jirani, mwisho wa laini ya nyumba za wafanyakazi, kwa sababu hawezi kulala chini ya paa la mkwe. Hata safarini walitundika gunia kwenye kidirisha cha nyuma ya dereva, asije akageuka kwa bahati mbaya akamwona. Kwetu Wakikuyu pia mkwe huheshimiwa, lakini si kwa kiasi hicho, na nilikuwa na kazi nyingi. Nikamwonyesha benchi la ukumbini, nikakimbia ndani.

Mgonjwa aliitwa Tobias. Alikuwa na ngiri iliyonyongwa. Utumbo ulikuwa umebanwa tangu jana yake na alitapika njia nzima. Tumbo likiwa limejaa namna ile huwezi kumpa mtu nusukaputi ya kumwagia etha kwenye kitambaa puani, maana akitapika usingizini matapishi yatamwingia mapafuni. Daktari Pereira, Mgoa aliyekuwa daktari wetu wa pekee wa upasuaji, alichagua njia nyingine. Alimchoma sindano ya usingizi, kisha sindano ya ile dawa mpya ya kulegeza misuli, akamtia mpira kooni upesi. Dawa hiyo hulegeza kila kitu, hata misuli ya kupumulia, kwa hiyo lazima mtu ampulizie mgonjwa hewa kwa mvukuto, chombo kinachokunjuka na kukunjika kama kodiani. Lakini haikai mwilini. Kwa wagonjwa wote niliowaona tangu nitoke chuoni, pumzi ilikuwa imerudi kabla daktari hajaanza kukata.

Ya Tobias haikurudi.

"Huyu ni mvivu," alisema Kisilu, Mkamba aliyekuwa msaidizi wa nusukaputi, akibana mvukuto. "Wenzake huanza kugombania pumzi yao. Yeye ananiachia mimi kazi yote kama karani wa shamba."

Daktari hakucheka. Aliuachilia utumbo pale ulipobanwa, akaumwagia maji ya vuguvugu, rangi yake ikarudi. Alishona, akafunga. Etha aliyopuliziwa kupitia ule mpira ilikuwa imefungwa zamani. Tukasimama tukikitazama kifua cha Tobias. Kisilu aliacha kubana kidogo ili tuone. Kifua kilikaa kimya kama meza.

"Umemwongezea sindano?" daktari aliuliza.

"Mimi? Daktari, chupa ile pale. Ipime mwenyewe."

Daktari aliitazama. Haikuwa imepungua zaidi. Akavua glavu polepole na kukaa juu ya kiti. Alisema amewahi kusoma kuhusu watu wa namna hii, wachache sana, ambao damu yao haiwezi kuivunja dawa ile. Kwa mtu mwingine hudumu dakika chache. Kwao hukaa tu.

"Mpaka lini?" niliuliza.

"Sijui. Itaisha. Mtu akimpulizia mpaka iishe, ataishi. Tukiacha, atakufa."

Hapo hapo mlango ukafunguliwa. Walikuwa wamemleta mama kutoka upande wa Gatundu, mtoto amemkwama na damu inatoka. Kilikuwa chumba kimoja cha upasuaji na meza moja. Tukamsukuma Tobias mpaka chumba kidogo cha pembeni, Kisilu akitembea kando akibana, kisha akaniwekea mvukuto mikononi.

"Usiache," aliniambia daktari. "Hata nikikuita, usiache."

Kisilu aliinama juu ya Tobias, akamwinua kope moja, akaiachia. "Usijichoshe sana, Sista Warigia. Huyu ameshafika kwao Kimilili kwa miguu."

Wakaenda.

Mwanzoni si kazi ngumu. Unabana, kifua kinapanda, unaachia, kinashuka. Baadaye kidole gumba kinaanza kuwaka. Nilibadilisha mkono. Nikabadilisha tena. Nilikuwa nimeshinda wodini tangu alfajiri nikimshikia zamu mwenzangu aliyenyimwa pasi ya kutoka kijijini kwao, siku zile za Hali ya Hatari. Nikavuta stuli kwa mguu, nikakaa. Niliogopa kukaa kwa sababu ya usingizi, lakini kusimama kulinishinda.

Nikiwa nimekaa ndipo nilipouona uso wake kwa karibu. Chozi lilitoka kwenye pembe ya jicho lake lililofungwa, likateremka mpaka sikioni. Nikadhani ni ile marhamu aliyopakwa. Likafuata jingine. Nikaweka kidole shingoni mwake: mshipa ulikuwa ukipiga mbio kama wa mtu anayefukuzwa.

Ile dawa ya usingizi ilikuwa imemwisha. Alikuwa macho ndani ya mwili usioweza kutikisa hata kope, na alikuwa amesikia kila neno.

"Daktari!" niliita. Mimi nina sauti ndogo. Wagonjwa huniomba nirudie hata salamu. Niliita tena, nikaita mara ya tatu mpaka koo likaniuma. "Daktari, Tobias ameamka! Anasikia!"

Jibu lilikuja kupitia mlango. "Siwezi kumpa usingizi tena, presha yake iko chini mno! Ongea naye!"

Niongee naye. Sijawahi kuongea na mwanamume kwa muda mrefu zaidi ya kumwuliza anaumwa wapi.

"Bwana Tobias," nilisema. "Mimi ni Sista Warigia. Hujafa. Upasuaji umekwenda vizuri. Dawa ndiyo imekukalia. Mimi ndiye ninayekupumulia, na sitaacha." Kisha maneno yakaniishia. Nikamwambia kuwa nje kuna jua. Nikamwambia kuwa kahawa imechanua upande wa Ruiru, jambo ambalo bila shaka alilijua kuliko mimi. Machozi hayakukoma, na mkono wangu wa kulia ulianza kukosa nguvu hata nikauona mvukuto ukikunjika nusu tu na kifua kikipanda kidogo.

Dresa wa wodi, yule mfunga vidonda, alikuwa ametumwa kutafuta damu. Ukumbini alikuwapo mtu mmoja.

"Mama Nelima! Njoo unisaidie. Mikono yangu imekwisha."

Sauti yake ilitoka nje ya mlango. "Mwite mwanamume."

"Hakuna."

"Mwite daktari."

"Daktari yuko na mama anayemwaga damu."

"Sista, mimi nikiingia humo nimemwaibisha mkwe wangu, na kuugua wataugua watoto wa Nafuna, sio mimi. Usiniombe kitu hicho."

"Usipoingia," nilisema, "Nafuna atakuwa mjane leo."

Sikujua kuwa maneno makali hivyo yalikuwa ndani yangu. Nilitaka kuyarudisha. Niliendelea kubana.

"Mayi wee," alisema mwishowe, akimwita mama yake kwa Kibukusu. "Weka kitu katikati."

Kulikuwa na pazia la wodini, lile la fremu ya chuma na magurudumu. Nililivuta kwa mguu, mkono mmoja ukibana, nikalisimamisha kati ya kitanda na mlango. Mama Nelima aliingia kinyumenyume. Uso wake ulitazama mlango, leso imeshuka mpaka puani, na miguu yake ilipapasa sakafu kama ya mtu anayevuka mto. Akakaa kwenye stuli niliyomsukumia, mgongo kwa pazia. Nikapitisha mvukuto pale kitambaa kilipoachana, nikauweka mapajani mwake, ule mpira mrefu ukipita kando ya kiuno chake mpaka kwa Tobias.

"Nikisema, bana. Nikisema, achia. Bana. Achia."

Alikuwa na mikono ya kulima. Kifua kilipanda vizuri kuliko kilivyopanda kwangu. Nikarudi upande wa mgonjwa, nikaweka kidole kwenye mshipa na kumfuta machozi.

"Usilie, Bwana Tobias," nilimwambia.

"Nani analia?" aliuliza Mama Nelima.

"Yeye. Ameamka. Anasikia, ila hawezi kusogea."

Mvukuto ukasimama.

"Mama! Bana!"

Akabana. Alibana mara nyingi, na kwa mgongo wake, niliouona kwenye mwanya wa pazia, nilijua kuwa anapiga hesabu ya yote aliyokwisha kuyatamka mkwewe akisikia. Kisha akakohoa kidogo, kama mtu anayebisha hodi.

"Sista, mwambie huyo mtu kwamba Nafuna amekunywa uji."

"Bwana Tobias, Nafuna amekunywa uji."

"Mwambie mtoto ananyonya kama ndama."

"Mtoto ananyonya kama ndama."

"Mwambie yule Mkamba aliyesema eti amefika Kimilili ni mwongo. Mlango ni mmoja na mimi nilikuwa nimekaa hapo. Hajapita mtu."

Nilicheka kabla sijajizuia, nikamwambia hayo pia. Hivyo ndivyo tulivyoendelea. Kila neno alilisikia kwa masikio yake mwenyewe, ila lilipaswa kupitia kwangu kwanza, ndipo liwe halali. Alimweleza habari za mbuzi waliozaa, ng'ombe aliyeuzwa bei mbaya, paa la jiko lililovuja. Taratibu mshipa wa shingo ulipunguza mbio. Tulibadilishana, yeye akichoka mimi nikibana, mimi nikichoka yeye. Mwishowe habari za Kimilili zilimwishia, akawa anarudia zile za mtoto, naye Tobias sijui kama alichoka kuzisikia. Jua lilihama kutoka kitandani likapanda ukutani. Mara moja daktari alichungulia, aproni imelowa damu. Aliona pazia, akamwona yule mama akibana, akarudi kwa mgonjwa wake.

Nadhani nilisinzia na kidole changu shingoni mwa Tobias.

"Sista," alisema Mama Nelima. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kuna mtu anavuta upande wa huko."

"Nini?"

"Sijakivuta mimi chombo hiki. Kimetoka mkononi mwangu chenyewe."

Nikamwambia aachie. Tukangoja. Kifua cha Tobias kilitulia, kikazidi kutulia, kisha kikainuka. Kidogo sana. Kikashuka, kikainuka tena.

Mama Nelima alikuwa ameshasimama. "Niondoke kabla hajafumbua macho." Aliweka mvukuto juu ya stuli kwa uangalifu, akatoka moja kwa moja bila kugeuka, na mimi nikabaki nikiusaidia ule uhai mdogo mpaka daktari na Kisilu walipokuja.

Mama wa Gatundu alikuwa hai. Mtoto wake alikuwa amekufa kabla hawajamfikia. Daktari alisema hayo akiutoa mpira kooni mwa Tobias, kwa sauti ileile aliyotumia kila aliponiambia niandike presha. Kisha akanituma nikawaambie ndugu: dawa ile isimguse tena Tobias maisha yake yote, wala kaka zake, wala watoto wake, mpaka ijulikane. Ni kitu cha ukoo.

Nilimkuta Mama Nelima kwenye benchi. Nikamweleza.

"Na yule mtoto mchanga?"

"Labda. Labda hapana. Daktari mwenyewe hajui."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeongezewa mzigo juu ya mwingine. Kisha akauliza alilotaka kuuliza tangu mwanzo. "Aliniona?"

"Hapana, mama. Macho yake hayakufumbuka mpaka ulipokuwa umetoka."

"Na mkono wangu haukumgusa?"

"Hapana."

Uani dereva alikuwa akipiga honi. Ilimpasa kufika Ruiru kabla ya saa ya marufuku ya kutembea usiku. Mama Nelima alizisikia honi hizo, hakunyanyuka. Mikono yake ilikuwa mapajani, vidole vimejikunja nusu, havikubali kunyooka. Vyangu pia.

"Lori litakuacha," nilimwambia.

"Siwezi kumwona," alisema. "Nitamwambia nini Nafuna? Kwamba nimeambiwa? Nataka nimsikie."

Tukakaa. Kisilu alipita na ndoo, akatutazama, akaenda zake. Honi ikalia tena. Ndipo kutoka chumbani kikaja kikohozi, kikavu, kizito, cha mwanamume aliyekwaruzwa koo. Mama Nelima aliinua kidole kunizuia nisiseme. Alingoja mpaka Tobias akakohoa mara ya pili.

"Haya," alisema. Akafunga leso, akashuka ngazi kuelekea kwenye lori. Mimi ilinipasa kurudi kwa mgonjwa. Nikakaa pale kidogo zaidi nikimsikiliza Tobias akikohoa.