Kaya ya Mtu Mmoja

Hapa Nemba, watu wa mradi wakija kuandikisha, kila mtu anajua la kufanya. Unavaa shati lililochanika, mbuzi unawapeleka kwa jirani, na kama una kijana mwenye nguvu, unamficha. Msaada ni wa maskini, na mwenye kijana wa kumlimia nani atamwita maskini? Miaka yote tumefanya hivyo.

Basi alipokuja Frida, binti wa shirika, nilimwambia mwanangu wa pekee, Habonimana, apitie mlango wa nyuma aende shambani.

"Shikamoo, mzee. Unaishi na nani?"

"Marahaba. Na nani tena? Mke alikufa, mtoto sina. Niko peke yangu."

Akaandika. Nikajiona mjanja kweli!

Kumbe safari hii msaada ni pesa, na si ya maskini. Ni ya kila mtu mzima, kila mwezi kwa miaka miwili, awe na ng'ombe asiwe nao, alime asilime. Tulitangaziwa mkutanoni, orodha imeshafungwa. Xavery mwenye duka yumo. Walevi wote wamo. Mwanangu hayumo. Nilikwenda kulalamika, wakanionyesha maneno yangu mwenyewe.

Habonimana hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alisema tu, "Baba, pesa si kitu. Ila umewaambia watu kwamba sipo." Sisi wenye asili ya Burundi tunajua jina likikosekana kwenye karatasi linavyouma, babu yake alikufa akisubiri uraia. Kesho yake alikunja nguo zake akapanda bodaboda kwenda Ngara. Nasikia anafyatua matofali huko. Mimi napika ugali wa mtu mmoja, na bado unabaki.

Mwezi wa nne wa malipo Frida akarudi na maswali mapya. Eti, ni haki watu kupewa pesa bila masharti? Akasema wanaulizwa hivyo nchi nyingi, na huko Ulaya wapo wanaokataa, wanasema watu watakuwa wavivu.

Nikapandwa na hasira. "Wavivu! Muhogo wote ule nimepalilia peke yangu na mgongo huu! Andika ni haki. Wampe kila mtu, wasimuulize ana nini wala anaishi na nani. Wangeanza hivyo zamani, nisingezoea kumficha mtoto."

Frida akaacha kuandika. "Mtoto gani, mzee?"

Nililia mbele ya binti wa watu, bila aibu.

Pesa ya mwezi ule ilipoingia, nilimtumia Habonimana yote. Haikupita saa moja, ikarudi nzima. Nikampigia, na siku hiyo akapokea.

"Mwanangu, chukua. Ni yako."

"Hapana, mzee," akasema kwa upole kabisa. "Hiyo ni ya mtu asiye na mtoto."