Sentimita Thelathini na Moja

Malalamiko yalifika ofisini kwetu Jumatatu, yameambatanishwa na daftari. Mkutubi wa maktaba ndogo iliyo nyuma ya soko alidai kwamba kihisi tulichofunga juu ya mlango wake kinapunguza watu. Kihisi chenyewe ni kamera isiyozidi kipande cha sabuni kwa ukubwa, inayotazama chini kutoka darini. Haihifadhi picha. Huhesabu vichwa vinavyoingia, na kila saa hutuma idadi halmashauri kwa njia ya mtandao. Barua ya halmashauri ilikuwa wazi: wastani wa wiki nne ukiwa chini ya wasomaji sabini kwa siku, jengo litageuzwa ofisi ya leseni na mkutubi atahamishiwa ghala la mafaili. Baada ya wiki mbili kihisi kilisema arobaini na tatu. Daftari, ambamo mkutubi huchora kijiti kwa kila anayeingia, lilisema sabini na tano.

Mkuu wangu wa kazi alilipekua daftari, akacheka. "Mama huyu anapigania kiti chake. Nenda, andika kwamba chombo ni kizima, tumalize."

Nilikuwa na mawili ya kumwambia, nikanyamaza. La kwanza, mkutubi huyo ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. La pili, kihisi hicho nilikifunga mimi.

La tatu sikujiambia hata mwenyewe waziwazi: nami niliamini ameongeza. Miaka ishirini na sita katika chumba kimoja si mchezo. Mtu anaweza kuongeza kijiti hapa na kijiti pale bila kujiona mwongo.

"Wamekutuma wewe?" shangazi aliuliza. Alikuwa anagundisha jalada la kitabu, wala hakuinua macho. "Hawana mtu mwingine?"

"Mimi ndiye niliyekifunga."

"Basi mshtakiwa ndiye hakimu. Karibu. Ngazi iko nyuma ya kabati."

Nilianza na daftari. Nililiweka kando ya laptopu, nikalinganisha saa kwa saa. Kama alikuwa ameongeza, nilitarajia tofauti itapakae siku nzima. Haikuwa hivyo. Asubuhi vilipishana kwa mtu mmoja au wawili tu. Kuanzia saa nane mchana vikaachana kabisa: daftari thelathini na nane, kihisi sita.

"Saa nane huja akina nani?"

"Wa shule ya msingi. Wanaingia kama maji yaliyorudi bombani."

Nikapita chini ya kihisi huku nikitazama skrini. Kila anayepita huandikiwa kimo chake, na asiyefika sentimita mia na ishirini huachwa, ili mbwa na mikokoteni visihesabiwe. Mimi nina sentimita mia na sitini na nne. Skrini iliandika mia na thelathini na tatu.

Shangazi alikuwa anachungulia begani kwangu. "Umesinyaa. Nilimwambia baba yako akulishe."

Chombo hupata kimo kwa hesabu ya kutoa: huchukua urefu kutoka kwenye lenzi hadi sakafuni, kikaondoa umbali wa kutoka kwenye lenzi hadi kichwani. Huo urefu wa kwanza hakiujui. Huambiwa na fundi siku ya kufungwa. Nilikuwa nimekiambia mita mbili na sentimita sitini. Nikapanda ngazi, nikapima upya. Mbili na tisini na moja.

Nikafungua fomu ya siku ile. Ilikuwa na saini yangu, kipimo changu, na picha ya mlango tunayolazimika kuipiga. Katika picha, chini ya kihisi kabisa, palikuwa na sanduku la mbao.

"Hili la nini?"

"La vitabu vilivyorudishwa. Ndilo ninalozuilia mlango nikifagia. Ulikuja kabla sijafungua, umesahau?"

Nikalipima sanduku. Sentimita thelathini na moja. Kipimo cha leza nilichotumia siku ile hakikuwa na kosa. Kilinipa umbali hadi kwenye kitu cha kwanza kilichokutana nacho. Mimi nilisoma namba bila kutazama chini. Kwa wiki mbili, kila asiyefika sentimita mia na hamsini na moja aliingia, akasoma, akatoka, na hakuandikwa popote.

Shangazi hakushangilia. Alivuta kiti, akakaa.

"Kwa hiyo sikukosea."

"Hukukosea."

"Nilishaanza kuwahesabu mara mbili, kwa kidole. Nikasema labda akili ndiyo imeanza kuniaga."

Nikarudi kwenye mipangilio ya kihisi.

Urefu nikausahihisha. Likabaki suala la sentimita mia na ishirini. Hicho ni kiwango cha madukani, na dukani mtoto si mnunuzi.

"Weka sifuri," shangazi alisema. "Hata paka wa sokoni hakosi siku."

Nikamwuliza kadi ya msomaji hutolewa kuanzia umri gani. Miaka sita. Tulisubiri hadi saa nane, nikawasimamisha ukutani kumi wa umri huo. Mfupi kuliko wote alikuwa na mia na sita. Nikaweka mia na tano.

"Na wa miaka minne wanaokuja na dada zao?"

"Hawana kadi."

"Baba yako mtupu," alisema.

Mwisho nikampa ukanda wa shingoni wenye mstari unaong'aa. Kihisi kikiuona, humweka aliyeuvaa katika safu ya wafanyakazi. Shangazi ni mfupi, kwa hiyo awali hakuhesabiwa. Sasa angehesabiwa, na kwa siku moja tu nilikuwa nimemwona akitoka na kuingia mara tano, kutazama kama kuna anayekuja.

"Nikiuvaa sionekani?"

"Unaonekana. Huhesabiwi tu."

"Nimekuwa jini mchana kweupe," alisema, akauvaa.

Katika ripoti niliandika kosa ni langu, nikaambatanisha picha ya sanduku. Niliandika pia kwamba mkutubi ni shangazi yangu, nikaomba fundi mwingine ahakiki na wiki nne zianze upya. Mkuu wangu aliisoma mara mbili. "Ungeweza kuandika tu kwamba kimerekebishwa," alisema, akanipa onyo la maandishi. Mwenzangu alikwenda kupima, akapata mbili na tisini na moja.

Wiki nne zilipokwisha wastani ulikuwa sabini na nne. Maktaba ikabaki maktaba. Nilifungua na safu ya wafanyakazi: shangazi alivaa ukanda wake kila siku, hata katika wiki ya tatu, wastani uliposhuka hadi sitini na nane.

Alinipigia simu jioni matokeo yalipotoka. "Daftari langu lina sabini na sita. Wale wawili umewapeleka wapi?"

"Kihisi hukosa watatu katika kila mia."

"Na mimi?"

"Wewe sijakupima."

Jumamosi nikaenda na karatasi yangu, nikakaa naye kando ya mlango kwa saa tatu. Tulihesabu kila mtu kivyake, bila kuoneshana. Tulitofautiana kwa mmoja. Nikalinganisha vijiti vyake na vyangu hadi nikamgundua aliyezidi: mtoto wa miaka minne aliyeingia ameshikwa mkono na dada yake.

"Hana kadi," nikasema.

"Bado miaka miwili tu," alisema shangazi, akaendelea kuchonga penseli.