Betri Zilizoanikwa Juani

Moshi ulikuwa mweupe na mzito, ukipanda kutoka kwenye bati lililolazwa uani, na ndani ya moshi huo alisimama mama mkwe wangu, Mama Agnès, na beseni la maji mikononi. Kabla ya moshi kulikuwa na mlio kama wa risasi. Hapa Uvira mlio wa namna hiyo hauulizwi maswali: mtaa wetu wote wa Songo ulilala kifudifudi, muuza mikate kando ya mikate yake, mwenye pikipiki kando ya abiria wake. Aliyebaki wima ni Mama Agnès peke yake, akitaka kuzima moto aliouwasha bila kujua.

Mume wangu, Rénovat, alichomoka ndani mbio.

Huyo ndiye mwanamume niliyemcheka tangu tuoane. Ni fundi umeme, mtu mzima na ndevu zake, lakini Jumapili baada ya misa yeye na wenzake hushindanisha vigari vya kuchezea vya telekomandi kwenye kiwanja cha mpira. Nilizoea kusema nimeolewa na dereva asiye na abiria. Yeye alicheka tu, akarudi kwenye betri zake. Maana kazi haikuwa kuviendesha, kazi ilikuwa kulea betri. Hizi za lithiamu ni bapa na laini kama pakiti ya biskuti, na zina deko la kifungua mimba: ukizijaza kupita kiasi zinaharibika, ukiziacha ziishe kabisa zinakufa. Zikitoka mbioni hazichajiwi mpaka zipoe. Zisipotumika huwekwa nusu, si tupu wala si tele. Iliyovimba haibembelezwi, inatengwa. Na betri inayochajiwa haiachwi peke yake. Rénovat alikaa kando yake kwenye kigoda, akiigusa kwa mgongo wa mkono kama anavyogusa paji la mtoto wetu, Délice, akiwa na homa. Hapo nilikuwa naacha kucheka, ingawa sikumwambia.

Mwaka ule wa moshi alimleta mama yake kutoka Lemera. Baba yake, mzee Sévère, alikuwa amefariki, na mama akaugua peke yake kule milimani hata jirani asijue. Rénovat aliapa kwamba mama hatarudi kuishi peke yake. Lakini Mama Agnès kwetu hakutulia. Alikuwa mtu wa kuamka na jembe. Kwetu maji yalikuwa ya bomba, mimi napika, mdogo wangu Noella anafua, na kila mama aliposhika ufagio tulimpokonya kwa heshima. Heshima yetu ilikuwa inamfukuza.

"Minye hapa niko kama picha ya ku ukuta," alimwambia mwanawe. "Batu banapita, banasema jambo mama, basi. Unirudishe ku Lemera."

"Ngoja kwanza, mama," Rénovat alijibu. Alijibu hivyo kila alipoulizwa, na niliona sababu zinavyomwishia.

Asubuhi ya moshi, tukinywa chai, alisema betri zimechoka, anazipumzisha. Alisema hivyo kwa kupita tu. Lakini milimani, na hata huku ziwani, betri ya redio iliyochoka ina dawa moja: jua. Mama yangu mzazi alizianika juu ya paa kando ya samaki wa ndagala, na jioni tulisikia habari mpaka mwisho. Basi Mama Agnès akapata kazi. Alizichukua zote rafuni, nzima pamoja na moja iliyovimba, iliyokuwa imetengwa pembeni, akazipanga juu ya bati vizuri, kwa nafasi, kama mtu anayeanika maharage ya mbegu. Ile iliyovimba nyaya zake zilikuwa zimefungwa kwa mkanda wa gundi. Jua likalainisha gundi, nyaya zikagusa bati, ikalipuka.

"Mama, acha maji! Acha!"

Rénovat hakuziangalia betri. Alimkumbatia mama yake kiunoni, akamvuta hadi mlangoni, kwa sababu moshi ule unakula mapafu. Kisha ndipo akachukua koleo akamwaga mchanga. Zile nzima, alizoziagiza kupitia rafiki yake wa Bujumbura na kuzisubiri kwa muda mrefu, ziliungua moja baada ya nyingine, naye amesimama, mkono begani kwa mama. Mimi ulimi ulikuwa unaniwasha.

Watu waliinuka wakijipangusa vumbi, wengine wakicheka. Mama Agnès aliingia chumbani, akaanza kukunja vitenge vyake na kuvitia kwenye mfuko wa safari.

"Nimekuletea hasara na haya, mutoto. Minye naenda."

Rénovat alikaa chini sakafuni, kando ya mfuko. "Mama, redio ya marehemu papa, nani alikuwa analindaka betri zake?"

"Minye."

"Ilizimikaka?"

"Hata siku moja!" alisema, na kidevu kikainuka.

"Basi kosa ni yangu, sikukuambia hizi zinaogopa juwa. Niko natafuta mutu wa kuikala nazo wakati ziko ku chaji. Mama Délice hapana, ye anazichekaka."

Nilidhani anambembeleza. Kumbe alimaanisha. Betri nyingine ilipopatikana, aliushika mkono wa mama yake, akauweka juu yake. "Joto hii iko muzuri. Ikipita hapa, unachomoa, unaita batu batoke." Mama Agnès alikitazama kigae ambacho mwanawe alikuwa anaichajia juu yake, akaguna, akaenda kuleta chungu chake cha maharage kilichopasuka mdomo, akakijaza mchanga. "Kitu ya moto inakaaka mu chungu," alisema. Kigae kikaondoka. Siku moja alimwita Rénovat: upande mmoja wa betri, alisema, una homa. Rénovat alipima, akakuta ni kweli, akaitenga.

Nimewaona wanaume wanaowanunulia mama zao vitenge na nyama, na watu huwasifu. Wangu alimpa mama yake kitu kinachoweza kuunguza nyumba yetu, akavaa viatu, akaenda kazini bila kugeuka nyuma. Tangu siku hiyo sijamwita tena dereva asiye na abiria.

Mvua zilipoanza, Mama Agnès aliniomba jembe. Hakuniambia la nini. Rénovat aliporudi kutoka kazini nilimshika mkono, nikampeleka dirisha la nyuma. Mama yake alikuwa ameinama nyuma ya choo, miguu peku kwenye udongo uliolowa, akichomeka vipande vya miti ya muhogo alivyovipata kwa jirani.

"Muhogo huo," nilimnong'oneza, "hauliwi mpaka mwaka ujao."

"Najua," alisema. "Nyamaza. Umuache apande."