Sauti Isiyo na Noti

Basi zifute, anasema Tusekile, zifute nyimbo zote tisa, na Jumapili usinitafute kwenye safu ya alto maana sitakuwepo, si Jumapili hii wala nyingine yoyote. Mama yake, Subilaga, hainui hata kichwa. Mbele yake kuna karatasi ya solfa, ya kuandikia noti, na penseli iliyochongwa vizuri, na kwenye kompyuta imechomekwa flashi yenye albamu ya binti yake. Usinitishe, anasema, nimefundisha kwaya miaka kumi na tisa, wameshanitishia kuhama watu wenye sauti nzuri kuliko yako. Kanuni ya usharika unaijua. Albamu ikirekodiwa studio ya kanisa inaletwa kwenye kamati na noti zake, mwalimu wa kwaya anatia sahihi, ndipo inawekwa madhabahuni iombewe. Isiyo na noti inafutwa. Mzee Ambakisye wa kamati anapita saa kumi kuchukua karatasi. Sasa nisaidie, hapa unapokoroma niandike do au niandike re? Sikoromi, mama, naunguruma. Hata ng'ombe wa babu yako alikuwa anaunguruma, hatukumpeleka madhabahuni. Mama! Muziki wa deth metali ndivyo unavyoimbwa, maneno yote ni ya Mungu, wewe sikiliza tu. Nimesikiliza mara tatu, nimesikia mashine ya kusaga. Miezi minane, anasema Tusekile, miezi minane mimi na wenzangu wa bendi tumefunga na kuomba mle studio, halafu wewe unatafuta do. Anatoka uani kufua. Ndoo inatua chini kwa kishindo cha mtu anayetaka kusikika.

Subilaga anatazama saa. Ni saa nane na robo, jua linawaka. Anavaa hedifoni na kufumba macho, kama anavyowaagiza wanakwaya wake wanapotaka kusikia sawasawa, na wimbo wa kwanza unaanza, dramu zinakimbia kama mvua ya mawe juu ya bati, gitaa linasaga, na katikati ya kelele kuna upenyo mwembamba wa kimya, upana wa mtu mmoja, na Subilaga anaupita kiubavu, akishika sketi isinase. Upande wa pili ni barabara. Imenyooka, imekatwa kwa mistari kama karatasi ya solfa, na kati ya mstari na mstari kuna mawe mawili, moja juu ya jingine, kama nukta mbili. Anatembea. Anapita duka la bati la kijani, anapita mistari minne, mistari minane, anapita duka la bati la kijani. Barabara haipindi popote na bado inarudi. Anajiambia kwamba palipo na duka lazima kuna mtu wa kuuliza njia, na kweli, mbele ya duka amesimama mtu mwenye joho la kwaya, kola nyeupe imefungwa hadi juu, na juu ya kola, mahali pa uso, pana ngozi laini tupu kama ganda la yai. Subilaga haogopi. Anachokiona kwanza ni kwamba joho halijapigwa pasi. Shikamoo, anasema, wewe unaimba sauti ya ngapi? Mimi ni ile inayoanza ya mwisho inapoishia, anajibu mtu wa joho, bila mdomo. Mimi sina muda wa vitendawili, nina hadi saa kumi. Saa kumi umeshaipita, iko nyuma, na itakukuta mbele. Haya, niongoze basi, anasema Subilaga, maana ameona kwamba kubishana naye ni kupoteza muda.

Wanatembea, au barabara ndiyo inatembea, na mji unatokea. Ni miji miwili, mmoja umesimama na mwingine unaning'inia chini yake kama kivuli kwenye sakafu iliyopigwa deki, nyumba chini ya nyumba, kanisa chini ya kanisa, na watu wameungana nyayo kwa nyayo na watu wa chini. Wa juu wanaimba kwa sauti safi, midomo imefunguliwa kama alivyowafundisha, na Subilaga anaandika haraka, do, mi, so, hakuna kinachomshinda, ukurasa unajaa, anageuza, unajaa. Kisha anasoma alichoandika na kukuta noti zipo zote ila neno hata moja halipo. Maneno yameenda wapi? anauliza. Mzigo ukiwa juu ya kichwa, anasema mtu wa joho, utasikia nani akihema, mzigo au kichwa? Sijakuuliza habari za mzigo. Lakini anapiga magoti na kuweka sikio sakafuni, kama anavyosikiliza bomba linalovuja, na kutoka mji wa chini inapanda ile sauti, ile ya kusaga, nzito, haina do wala re. Anatafuta ngazi. Ipo. Anashuka ti, la, so, fa, kila kidato kina noti yake, anafika do ya chini, anashuka nyingine saba, anafika do iliyo chini ya hiyo, na hapo noti zinaisha ila ngazi inaendelea. Hapa panaitwaje? anauliza. Umewahi kufika, hukuuliza jina. Lini? Siku uliyoingia mmoja ukatoka wawili.

Mwisho wa ngazi ni wodi. Mchana, dirisha wazi, kitanda cha chuma, na mwanamke ameshika vyuma vya kitanda kwa mikono miwili. Nesi asiye na uso anamwambia sukuma, mama, sukuma, na usipige kelele, wenzio wamepumzika. Mwanamke anafungua mdomo na ile sauti inatoka. Subilaga amesimama miguuni pa kitanda na penseli yake, anasikiliza kama mwalimu, na anaona mkononi mwa mwanamke kovu la pasi ya mkaa, na kovu hilo analo yeye. Miaka ishirini na miwili amewaambia watu kwamba alimzaa Tusekile kimya kimya, akiomba moyoni. Sasa, kwa ukaribu huu, anasikia maneno. Usiniache. Usiniache, Bwana, na huyu usimwache. Anasogea, anasikiliza tena, na hajui tena kama sauti inatoka kitandani au kwenye hedifoni, maana ni sauti moja, na kule kwenye hedifoni, ndani ya mashine ya kusaga, binti yake anasema kitu hicho hicho, waziwazi, usiniache. Anajaribu kuiandika. Penseli inateleza, haiachi alama. Nitaiandikaje? anauliza. Yule aliyekusikia siku ile, anasema mtu wa joho, alikudai noti?

Mwalimu. Mwalimu, noti.

Yuko mezani, au meza iko naye. Mlangoni amesimama mtu, jua liko nyuma yake, na mahali pa uso pana weusi tu. Ana sauti ya Mzee Ambakisye. Saa ya ukutani inaonyesha saa kumi kamili, lakini saa hiyo, Subilaga anakumbuka, aliipita njiani. Karatasi iko mbele yake, imechorwa mistari yote kwa mkono wake, na hakuna noti hata moja. Anaweza kumwambia huyu mtu zifuteni, na kazi ikaisha. Anachukua kalamu ya wino na kutia sahihi chini, kwa jina lake lote. Lakini mwalimu, anasema mtu wa mlangoni, hujaandika kitu. Hakuna cha kuandika. Sasa wajumbe nitawaambia nini? Humu ndani wanaimba nini hawa watoto? Subilaga anamtazama. Kama ni Mzee Ambakisye, anastahili jibu. Kama ni yule mwingine, naye anastahili. Anasimama, anashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, anavuta pumzi hadi chini kabisa ya tumbo, na anaunguruma, neno kwa neno, usiniache, Bwana, na huyu usimwache, hadi vikombe vinagongana kabatini, hadi Tusekile anakuja mbio kutoka uani, povu hadi viwikoni.

Mtu wa mlangoni anavua kofia.